R ya Kimarekani Katika Mkoa wa Singida

Vijana wengi wa siku hizi wanapenda kuzungumza Kiingereza kama Wamarekani. Wengine wana sababu za kazi: yuko anayeongoza watalii, yuko anayepokea simu za wateja wa nje, yuko anayejiandaa kwa usaili wa masomo. Wengine wameiokota lafudhi hiyo katika filamu na muziki, wala hawakumbuki walianza lini. Wazee wenzangu wakiwasikia hutikisa kichwa na kusema huo ni ulimbukeni ulioletwa na simu za mkononi. Mimi sikubaliani nao. Katika mkoa wetu wa Singida lafudhi ya Kimarekani ina umri wa karibu miaka 100. Ilifika kabla ya barabara ya lami na kabla ya umeme, na wako watoto wa Iramba ambao Kiingereza cha kwanza kuingia masikioni mwao kilikuwa cha Mmarekani.

Nimefundisha Kiingereza kwa muda mrefu wa maisha yangu, kwanza kama mwalimu wa darasa, baadaye kama mwalimu mkuu ambaye hakutaka kuiacha chaki. Kwa hiyo jambo hili nimelitazama kwa jicho la mwalimu. Nataka kueleza sauti hizo zilitufikiaje, zinatofautianaje na zile za Waingereza waliotutawala, na kwa nini nadhani somo hili dogo la ulimi lina uzito kuliko watu wanavyofikiri.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wa Misioni ya Leipzig walikuwa wameanza kazi katika Iramba. Vita vilipokwisha na nchi kukabidhiwa kwa Waingereza, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Walutheri wa Marekani wakaombwa kuokoa kazi iliyoachwa. Hao walikuwa watu wa Sinodi ya Augustana. Walianzia kaskazini, lakini Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, Waaugustana wakapewa Iramba na Unyaturu kuwa shamba lao. Kutoka hapo yakatokea majina ambayo kila mtu wa Singida wa rika langu anayafahamu: hospitali ya Kiomboi, hospitali ya Iambi, chuo cha ualimu cha Kinampanda.

Sasa, ndugu msomaji, tuwatazame kidogo watu hao wenyewe. Sinodi ya Augustana iliundwa mwaka 1860 na wahamiaji waliotoka Skandinavia, hasa Uswidi, waliokwenda kulima mahindi na ngano katika majimbo ya kati ya Marekani kama Illinois, Iowa na Minnesota. Makanisani mwao walihubiri na kuimba kwa Kiswidi, na ni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndipo Kiingereza kilipochukua nafasi hiyo kwa kasi. Maana yake ni kwamba wengi wa wamisionari waliokuja Iramba walikuwa watoto au wajukuu wa watu waliojifunza Kiingereza ukubwani, kwa shida, wakichekwa madukani. Wanyiramba waliposikiliza Kiingereza cha mchungaji Mmarekani na kudhani kwamba ndicho Kiingereza chenyewe kilichoshuka toka mbinguni, walikuwa wakisikiliza lugha ambayo familia ya msemaji ilikuwa imeihamia karibuni tu.

Wakati huohuo, bomani Singida, mkuu wa wilaya na maafisa wake walizungumza Kiingereza cha aina nyingine. Hicho ndicho alichokieleza mtaalamu Daniel Jones katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917, Kiingereza cha watu wa kusini mwa Uingereza waliosoma katika shule za bweni za wenye nafasi. Vitabu vya shule za koloni vilikifuata, na wakaguzi wa shule walikitumia kama kipimo.

Baadaye ikaja sauti ya tatu. Mwaka 1954 masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lililoanzishwa na Mary Martin wa Ireland mwaka 1937, walianza kazi ya hospitali huko Makiungu. Kiingereza cha Waayalandi ni cha namna yake, lakini kwa jambo moja kinafanana na cha Wamarekani kuliko cha London. Jambo hilo ni herufi R.

Mwingereza wa bomani akikutana na R mwishoni mwa neno, au kabla ya konsonanti, huipita kimya. "Car" kwake ni kaa, "hard" ni haad, "teacher" huishia na irabu hafifu. Mmarekani wa Kiomboi na Mwayalandi wa Makiungu waliitamka. Hapana shaka mgonjwa aliyepita hospitali hizo mbili, kisha akaenda bomani kulalamikia kodi, alisikia lugha moja ikitamkwa kwa namna mbili katika wilaya moja.

Wengi hudhani kwamba Wamarekani ndio walioongeza R hiyo. Historia inasema kinyume. Zamani Waingereza wote waliitamka. Wahamiaji waliovuka bahari katika karne ya 17 walikwenda nayo Marekani, na Ireland na Uskoti nako ikabaki. Ni kusini mwa Uingereza kwenyewe ambako watu walianza kuiacha, na katika karne ya 18 mtindo huo ukaenea mpaka ukawa alama ya mtu mstaarabu wa London. Miji ya pwani ya Marekani iliyokuwa na uhusiano mkubwa na London, kama Boston na New York, ikaiga. Kwa hiyo yule mkulima wa Minnesota aliyeonekana mshamba kwa R yake alikuwa ameihifadhi sauti ya zamani, kama vile wazee wa kijijini wanavyohifadhi maneno ambayo mjini yamesahaulika.

Ushahidi kwamba Kiswahili chetu kilikopa Kiingereza kutoka vinywani mwa Waingereza tunao kila siku, ila hatuutazami. Chukua maneno haya: nesi, sista, shati, skati, kadi, fomu, tochi, baa, bia, kaunta, meneja, dereva, kupaki gari. Yote katika Kiingereza yameandikwa kwa R pale mwishoni au kabla ya konsonanti, na katika Kiswahili R hiyo haipo. Aliyeyakopa aliyakopa kwa sikio, na sikio halikusikia R. Hata irabu zinasimulia. Sauti iliyomo katika "nurse" na "shirt" ni moja, lakini Kiswahili hakina sauti hiyo, basi sikio moja likaisikia kama e likatengeneza nesi, na jingine likaisikia kama a likatengeneza shati.

Mtu anaweza kusema kwamba R imetoweka kwa sababu silabi zetu hupenda kuishia na irabu. Sababu hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Neno daktari lina R yake kamili. Lilitufikia kupitia watu wa Bahari ya Hindi, ambao huitamka R waziwazi, nasi tukaipa irabu ya kuegemea na kuiweka. Kama nesi angetufikia kwa njia hiyo, huenda leo tungemwita nersi. Yapo pia maneno kama korti, yanayoonyesha kwamba njia ya mkopo haikuwa moja. Lakini kwa jumla, mizigo mingi ilipita bomani.

Nije sasa kwenye sauti zenyewe, kwa kuwa mwalimu akizungumzia matamshi bila kuonyesha ulimi unakaa wapi anapiga porojo.

R yetu ya Kiswahili hutokea pale ncha ya ulimi inapogonga ufizi wa juu mara moja na kuachia. R ya Mmarekani haigongi kitu. Ulimi hurudi nyuma kidogo na kujikusanya katikati ya kinywa, kingo zake zikigusa magego ya juu, na midomo hujiviringa kidogo. Mwanafunzi wa kwetu akiambiwa "tamka R" hugonga ufizi, naye hawezi kuacha kugonga mpaka aelezwe kwamba ulimi ubaki hewani. Njia niliyoiona ikifaa ni kumwambia aanze kutamka irabu ndefu, kisha auvute ulimi nyuma polepole bila kukata sauti. Akifanya hivyo mara 10 darasa zima hucheka, na mara ya 11 R huwa imepatikana.

Jambo la pili ni T. Mmarekani akikutana na T katikati ya irabu mbili, na mkazo ukawa umeitangulia, haitamki kwa nguvu. Huigusa tu ufizini na kuiacha. "Water," "better," "city," "letter." Sasa huko kugusa na kuacha ndiko R yetu! Mtu wa Singida anayesikiliza "water" ya Mmarekani husikia kitu kama wora, na husikia sawasawa. Hapa ndipo penye mchezo wa ajabu: katika neno "better" la Kimarekani, pale palipoandikwa T hutamkwa sauti iliyo karibu sana na R ya Kiswahili, na pale palipoandikwa R hutamkwa sauti ambayo Kiswahili hakinayo kabisa. Mwanafunzi akielezwa hivyo huacha kuogopa, kwa sababu anatambua kwamba nusu ya kazi amezaliwa nayo.

Tatu ni irabu. O fupi ya Mwingereza katika "hot" au "college" kwa Mmarekani huelekea kwenye a, kiasi kwamba "hot" yake inaweza kuingia sikioni mwetu kama hat. Kwa upande mwingine, neno kama "dance" au "can't", ambalo Mwingereza wa kusini hulitamka kwa a ndefu ya nyuma, Mmarekani hulitamka kwa sauti iliyo kati ya a na e. Fikiria mwanafunzi anayefanya imla, mwalimu wa mwaka jana akiwa Mwingereza na wa mwaka huu Mmarekani. Anaandika anachokisikia, naye anapata sifuri.

Hayo si ya kufikirika. Mwaka 1961 Rais Kennedy aliunda Peace Corps, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea watu wake. Kundi la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi, na walimu wakafuata. Mwaka huohuo ukaanza mpango wa walimu wa Afrika Mashariki uliosimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambao uliwaleta vijana wa Kimarekani kufundisha katika sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda. Nchi ilikuwa ikipata uhuru na walimu wenye digrii walikuwa wachache mno. Mimi nikiwa kidato cha pili mwaka 1967, tulikuwa na Mmarekani katika chumba kimoja na Mwingereza katika chumba cha pili. Mmoja aliita herufi ya mwisho ya alfabeti zii, mwingine zed. Mmoja alisema skejul, mwingine shedyul. Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa wa Cambridge.

Wasiokuwa na mwalimu Mmarekani walikuwa na redio. Tarehe 19 Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianza matangazo ya Kiingereza maalumu, yaliyotumia maneno yapatayo 1,500, sentensi fupi, na mwendo wa polepole. Habari zilisomwa kana kwamba msomaji anapanda mlima akiwa na mzigo. Kwa mwanafunzi wa kijijini huo ulikuwa muujiza, kwani kwa mara ya kwanza aliweza kuzihesabu sauti moja baada ya nyingine. Na zilikuwapo santuri za Jim Reeves, ambaye hata baada ya kufa kwake mwaka 1964 aliendelea kuimba katika sebule na baa za nchi hii kwa miongo mingi. Mtu ambaye hakuelewa nusu ya maneno aliweza kuimba na R zote zikiwa mahali pake.

Ubishi wa kisiasa haukukosa. Peace Corps waliondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, hatua ambayo mimi niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Lakini Kiingereza kilibaki lugha ya sekondari, na mtoto alivuka kutoka lugha moja hadi nyingine kama anayevuka mto bila daraja. Katika hali hiyo, matamshi yake yakawa kitu cha kwanza kuchekwa.

Hapa nieleze tukio moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mafunzo ya ualimu kwa vitendo, mwenzangu mmoja alipangiwa kufundisha Kiingereza mbele ya mkaguzi. Alikuwa amefundishwa na Wamarekani na alikizungumza vizuri kuliko sisi sote. Somo lilikwenda vyema, watoto walijibu, ubao ulikuwa safi. Mwishoni mkaguzi alimsimamisha mbele ya watoto walewale, akamtaka atamke "better" na "water" mara tatu, akamwambia kwamba hicho si Kiingereza bali ni uvivu wa ulimi. Alama zake za somo lile zilikuwa za chini. Alifaulu chuo, akafundisha miaka mingi, akawa mwalimu mzuri wa hesabu. Lakini Kiingereza hakukifundisha tena kwa mdomo wake. Alipolazimika, alisoma kitabu akiwa ameinamisha uso, neno kwa neno, kwa sauti ambayo haikuwa ya Mmarekani wala ya Mwingereza wala yake mwenyewe. Nikipiga hesabu ya watoto waliopita mikononi mwake, naona hasara ambayo haikuandikwa katika taarifa yoyote ya ukaguzi.

Mkaguzi yule alidhani analinda lugha. Alichokilinda ni desturi ya mahali pamoja, ya tabaka moja, ya karne mbili. Laiti angejua kwamba mwaka 1962, miaka michache tu kabla ya siku ile, Mmarekani mmoja mwanaisimu, William Labov, alikuwa amekwenda katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati, na moja la watu wa kipato kidogo, akiuliza bidhaa fulani inauzwa wapi. Aliuliza tu zile bidhaa zilizokuwa ghorofa ya nne, ili wahudumu walazimike kusema "fourth floor," maneno yenye R mbili. Katika duka la matajiri R ilisikika zaidi, katika duka la bei nafuu ilisikika kidogo zaidi. New York, iliyowahi kuiacha R kwa kuiga London, ilikuwa sasa inairudisha, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia heshima ilikuwa imehama. Rais Roosevelt, aliyefariki mwaka 1945, katika hotuba zake aliziacha R nyingi bila kuzitamka, na hakuna aliyemwona si Mmarekani. Kizazi kimoja baadaye, wahudumu wa dukani wa mji uleule walikuwa wakijifunza kuzitamka. Kwa maneno mengine, hata Wamarekani wamepata kujifunza lafudhi ya Kimarekani.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao hatuusemi vya kutosha. Wamarekani waliokuja Singida nao walijifunza kutamka sauti zetu, na haikuwa kazi nyepesi. Neno ng'ombe liliwasumbua, kwa kuwa katika Kiingereza sauti ya ng' haianzi neno. Walitamka p, t na k kwa pumzi nyingi. Na Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha za toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana, jambo ambalo Kiswahili hakina, sembuse Kiingereza. Mmoja wao, Howard Olson, alilishughulikia jambo hili kwa dhati. Aliandika uchambuzi wa sauti na maumbo ya Kinyaturu, lugha ambayo wenyewe huiita Kirimi, uliochapishwa Hartford, Marekani, mwaka 1964. Ni huyohuyo aliyekusanya tuni za Kiafrika na kuzitumia katika nyimbo za Kanisa, zinazoimbwa mpaka ng'ambo. Mtu aliyekaa miaka mingi akiuliza wazee "hapa ulimi unafanya nini?" alikuwa mwanafunzi wa matamshi kama sisi.

Uchambuzi wa namna hiyo unaonyesha jambo ambalo walimu wetu wengi hawakulijua. Kiswahili kina irabu tano. Kinyaturu kina saba. Kina i mbili na u mbili, moja ya kubana na moja ya kulegea, na ndiyo sababu waandishi wa lugha hiyo siku hizi hutumia alama za ziada katika maandishi. Sasa, kosa linalosemwa mara nyingi kuhusu Kiingereza cha Watanzania ni kutotofautisha "ship" na "sheep," au "full" na "fool." Mtoto wa Kinyaturu amekuja shuleni na tofauti inayokaribiana na hiyo tayari kinywani. Lakini katika shule nyingi za zamani mtoto huyo alivishwa kibao shingoni au kuchapwa viboko kwa kosa la kuzungumza lugha ya nyumbani. Tulimnyang'anya jembe mlangoni, kisha tukamlaumu kwa kulima kwa mikono.

Nilipolifahamu hilo nikabadili namna ya kufundisha. Niliwauliza watoto maneno ya nyumbani yenye i ya kulegea, tukayasema pamoja, kisha tukahamia kwenye "ship," "sit," "fish." Sikuhitaji kaseti wala mtaalamu kutoka nje. Mkoa wetu una utajiri wa sauti ambao mikoa mingi haina. Hapa wako Wabantu, wako Wadatoga wenye lugha ya Kinailoti, na huko Mkalama, upande wa bonde la Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe ambao lugha yao ina vidoko, sauti ambazo Mwingereza na Mmarekani wote wawili hawawezi kuziingiza katika neno hata wakijaribu mchana kutwa. Mtoto wa Kihadzabe anayechekwa kwa Kiingereza chake ana ulimi hodari kuliko wa anayemcheka.

Kijana akiniuliza leo kama ajifunze lafudhi ya Kimarekani, humwambia ajifunze kama ina kazi nayo, na ajifunze kwa utaratibu. Lakini nampa mambo mawili ya kutangulia. La kwanza ni mkazo wa neno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Kiingereza huuhamisha: "photograph" una mkazo mwanzoni, "photography" kwenye silabi ya pili, "photographic" kwenye ya tatu. Katika hili Mmarekani na Mwingereza kwa sehemu kubwa wanakubaliana, na anayekosea mkazo haeleweki kwa yeyote kati yao hata R yake ikiwa ya Minnesota. La pili ni kutobandika irabu mwishoni mwa kila neno, "book" ikawa buku na "desk" ikawa deski, isipokuwa pale unapozungumza Kiswahili, ambapo ni haki yako. Mambo hayo mawili yakishakaa, R na T ni mapambo: yanapendeza, lakini nyumba inasimama bila hayo.

Na humwambia jambo la tatu, ambalo si la ulimi. Sisi wa bara tulichekwa na wenzetu wa pwani kwa Kiswahili chetu, kura ikigeuka kula na kula ikigeuka kura. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na kama wangeamua vingine, lahaja nyingine ingekuwa sanifu na Waunguja nao wangekuwa na lafudhi ya kurekebishwa. Hata hivyo Kiswahili cha bara kimeendesha shule, mahakama na Bunge la nchi hii. Kimefanya kazi kwa sababu tulikubaliana kuelewana kwanza, na kucheka baadaye, kama ni lazima kucheka.

Nimeona pia kwamba lugha ina busara yake isiyosubiri walimu. Kompyuta imetufikia zaidi kutoka Marekani, pamoja na vyombo vyake vyote, na Wamarekani huitamka R yake kwa ulimi mzima. Nasi tumeyapokea majina hayo na kuyaita kompyuta, printa, skana, intaneti. R ya mwisho hatukuichukua. Desturi iliyoanzia kwa nesi na dereva imeendelea bila kuamriwa na mtu, kwa kuwa sasa si ya Mwingereza tena, ni yetu. Walimu vijana wanaosoma maneno haya nawaomba jambo moja tu. Mtoto akisimama darasani akatamka neno la Kiingereza kwa namna ambayo hamkuitarajia, kabla ya kumkosoa mwulizeni amelisikia wapi. Huenda ni kosa, nanyi mtalirekebisha. Huenda pia ni sauti iliyosafiri kutoka Uswidi, ikapita Minnesota, ikalala Kiomboi, au iliyozaliwa hapohapo nyumbani kwa bibi yake.